Mgodi wa Geita kushuka chini ya ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa stendi, msibani, kwenye vijiwe vya kahawa Nyankumbu, na mengine na vijana wanaonisimamisha njiani wakiwa na vyeti mkononi. Mimi ni fundi wa jiolojia. Nimefanya kazi kwenye mashimo ya wazi na chini ya ardhi pia, na kwa sasa makazi yangu ni hapa hapa mjini. Siusemei mgodi wala siisemei Serikali. Nimeandika ninayoyajua kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mgodi wa wazi kila mtu aliuona kwa macho, lakini huu wa chini hauonekani, na kisichoonekana huzaa maneno mengi.

Kwani dhahabu ya Geita imeisha ndiyo maana wanaingia chini?

Haijaisha. Iliyoisha kwa kiasi kikubwa ni ile iliyokuwa karibu na uso wa ardhi katika mashimo ya zamani. Mwamba wenye dhahabu hapa kwetu haukulala kama mkeka. Umeinama, unaingia ardhini kwa mteremko, na mashine za kuchoronga, yaani za kutoboa mwamba, zimeufuata mpaka chini sana ya sakafu ya mashimo. Mgodi unaufuata tu ulikoelekea.

Mwaka 2020 Geita ilitoa zaidi ya wakia 600,000 za dhahabu, na wakati huo kazi ya chini ilikuwa imekwisha kuanza. Mgodi unaokata roho hautoi kiasi hicho.

Kwa nini wasiendelee kulichimba shimo lile lile mpaka chini?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na jibu lake ni hesabu.

Kuta za shimo la wazi haziwezi kusimama wima kama ukuta wa nyumba. Zikisimama wima zitaporomoka juu ya watu. Kwa hiyo hulazwa, na ukichukua ukuta mzima kutoka juu hadi chini, mlalo wake mara nyingi hukaribia digrii 45. Maana yake, ukitaka kushuka mita 10 zaidi, ni lazima uupanue mdomo wa shimo mita 10 pande zote, na kuta zote zikatwe upya kutoka juu.

Chukua shimo lenye umbo la pia, kuta zake digrii 45. Mita 10 za kwanza zinakudai mita za ujazo 1,000 hivi za mawe, kazi ya siku moja kwa malori machache. Sasa shimo hilo hilo liwe na kina cha mita 300, nawe unataka kufika 310. Mita hizo 10 zinakudai mita za ujazo karibu milioni 3, yaani takriban tani milioni 8 za mawe! Na sehemu kubwa ya tani hizo haina dhahabu hata chembe. Unachoma dizeli, unakula matairi, unalipa watu, ili kubeba mawe matupu.

Shimo la kweli halina umbo safi la pia, lakini sheria ya hesabu ni ile ile: kadiri unavyoshuka, kila tani ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu, inazidi kudai mawe matupu ya kuondolewa kwanza. Hufika siku gharama ya kuondoa mawe matupu ikapita thamani ya dhahabu iliyo chini yake. Siku hiyo shimo husimama, hata kama mwamba wa dhahabu unaonekana wazi pale sakafuni. Ukitaka kuendelea, toboa njia nyembamba moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, uyaache mawe matupu palepale yalipo.

Je, mawe ya chini yana dhahabu nyingi kuliko ya juu?

Si lazima yawe nayo, ila mgodi hulazimika kuchagua yale yenye nyingi. Kutoa tani moja chini ya ardhi ni ghali mara kadhaa kuliko kuizoa kwenye shimo la wazi, kwa hiyo mawe ya kiwango cha chini hayalipi.

Wakia moja ni gramu 31 na kidogo. Mawe yakiwa na gramu 2 kwa tani, unahitaji tani 15 na nusu kupata wakia moja. Yakiwa na gramu 5, tani 6 na kidogo zinatosha. Ndiyo sababu utaona malori machache yanatoka chini lakini uzalishaji haujaanguka.

Kazi hii ilianza lini, na wapi?

Kwa mgodi wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2000, kazi ya chini ilianza mwaka 2016 upande wa Star and Comet, magharibi mwa mtambo wa kuchenjua, yaani wa kutenga dhahabu na mawe. Ikafuata Nyankanga, lile shimo kubwa kuliko yote, mwaka 2017. Baadaye, kuanzia mwaka 2020, zamu ya kilima cha Geita chenyewe.

Lakini wazee wa hapa watakwambia si jambo geni. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1898. Kati ya mwaka 1936 na 1966 palikuwa na mgodi hapa ambao ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Afrika Mashariki, ukatoa takriban wakia milioni moja, na ulichimbwa chini ya ardhi. Babu zetu waliingia humo na taa kichwani kabla sisi hatujazaliwa. Shimo la wazi ndilo lililokuja baadaye.

Historia hii si ya kujifurahisha tu. Mapango ya zamani yamebaki ndani ya milima, na hujaa maji. Mtu anayechimba karibu nayo bila kujua yaliko anaweza kuutoboa ukuta ukafungulia maji yote. Ndiyo maana ramani za zamani hutunzwa kama mboni ya jicho, na mbele ya kila njia mpya huchorongwa matundu marefu ya kupima kwanza. Nikiwaona vijana wanacheka kwamba makaratasi ya wakoloni ya kazi gani, huwa nawaeleza hili.

Wanaingiaje? Kuna lifti?

Watu wengi hufikiria kamba na ndoo kama kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, au lifti kama ya jengo refu la Dar es Salaam. Ipo migodi yenye lifti. Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001 ukiwa wa chini ya ardhi tangu siku ya kwanza, una shafti, yaani shimo la wima la kupitishia lifti. Geita wanaingia kwa barabara.

Ndani ya shimo la zamani, ukutani, hutobolewa mlango. Kutoka hapo barabara huzunguka ikishuka kama ngazi ya mnara, pana kiasi cha kupitisha lori. Mteremko wa barabara za namna hii kwa kawaida ni mita 1 chini kwa kila mita 7 za mwendo. Kwa hiyo ukitaka kushuka mita 300, unatengeneza barabara ya zaidi ya kilomita 2, na kila mlipuko unakusogeza mita 3 au 4 tu. Shimo lililokwisha kuchimbwa linasaidia sana hapa, kwa sababu unaanzia chini tayari. Ungeanzia juu kwenye nyasi, ungetumia miaka kufika tu.

Siku ya kazi huko chini ikoje?

Huanza juu. Kila anayeshuka huchukua taa ya kofia na kifaa cha kujiokolea anachofunga kiunoni, na hutundika kibati chenye jina lake ubaoni. Nitarudi kwenye kibati hicho.

Chini, mtambo wa kuchoronga wenye mikono miwili au mitatu hutoboa matundu mengi usoni mwa mwamba. Matundu hujazwa baruti. Watu hutoka, hulipuliwa, kisha feni huachwa zipulize mpaka moshi wa baruti uishe, maana ndani yake mna kaboni monoksaidi na gesi za naitrojeni, na gesi ya kwanza kati ya hizo haina harufu wala rangi. Baada ya vipimo kuonyesha hewa ni safi, hunyunyiziwa maji, na mawe yanayoning'inia hukwanguliwa dari yote. Mtambo mfupi, mpana, uliotengenezwa kupita pafinyu, huzoa mawe na kuyapakia. Kisha dari na kuta hufungwa kwa nondo ndefu zinazoingizwa mwambani, wavu wa chuma, na mahali pengine saruji ya kupuliza. Halafu mnaanza tena.

Hiyo ni kutengeneza njia. Kwenye mwamba wa dhahabu wenyewe, huchimbwa njia mbili, moja juu na nyingine chini, na mwamba ulio katikati huchorongwa kwa matundu marefu, hulipuliwa, hudondoka, na kuzolewa kwa chini. Hubaki chumba kitupu kikubwa. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia chumba hicho, kwa sababu dari yake haikufungwa. Mtambo unaozoa humo huongozwa kwa rimoti, mwendeshaji akiwa amesimama mbali au ameketi kabisa chumba kingine akitazama kioo. Nilipoona kwa mara ya kwanza mashine ya tani nyingi inaingia gizani bila mtu, nilisimama kimya kwa muda.

Je, mji unaweza kutitia?

Hofu hii naiheshimu, na asiichekee mtu.

Jibu linategemea njia ya uchimbaji. Zipo njia ambazo ardhi ya juu hushuka, tena kwa makusudi. Grasberg huko Indonesia, mgodi mkubwa wa dhahabu na shaba uliomaliza shimo lake la wazi mwaka 2019 na kuingia chini, mwamba hukatwa kwa chini ukaachwa uporomoke wenyewe kwa uzito wake, na ardhi ya juu yake hubomoka. Kule juu ni milimani, hakuna nyumba.

Kwa mwamba kama wa kwetu hutumika njia ya vyumba niliyoieleza, na kinachoilinda ardhi ya juu ni mambo mawili: nguzo za mwamba zinazoachwa bila kuchimbwa, na vyumba kujazwa tena mawe matupu, mara nyingi yaliyochanganywa na saruji. Nguzo ikiachwa na chumba kikajazwa, mwamba hubaki umeshikwa. Chumba kisipojazwa kwa wakati, au nguzo ikilambwa kwa tamaa ya dhahabu iliyomo, hapo ndipo hatari ilipo.

Swali zuri la kuuliza kwenye mkutano, badala ya "mtatutumbukiza?", ni hili: vyumba vinajazwa ndani ya muda gani baada ya kutolewa mawe, na vipimo vya mtikisiko wa ardhi anavisoma nani? Mtaalamu yeyote wa mgodi anaweza kulijibu. Akishindwa, mwenyekiti wa mtaa aandike barua kwa Afisa Madini Mkazi.

Nasikia mtikisiko usiku na nyumba yangu ina nyufa. Ni wao?

Inawezekana, na inawezekana pia sivyo. Nyufa huletwa na msingi mfupi, tofali lisilopata maji ya kutosha lilipokuwa linakauka, udongo unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Mlipuko wa chini kwa kawaida hutumia baruti kidogo kwa mara moja kuliko ule wa shimo la wazi, ila nao hutikisa mwamba, na usiku kukiwa kimya mtu huuhisi zaidi.

Fanya hivi. Piga picha ya kila ufa leo, uweke rula kando yake, uandike tarehe. Rudia kila mwezi. Andika saa unayohisi mtikisiko. Mlipuko hufanywa kwa ratiba na mgodi huutunzia kumbukumbu, kwa hiyo saa yako na saa yao zitalinganishwa. Ukienda ofisini na daftari, utasikilizwa tofauti na ukienda na hasira peke yake. Nimeona mzee mmoja akishinda hoja yake kwa daftari la shule la kurasa 48.

Chini ya kiwanja changu ni mali ya nani?

Kiwanja ni chako kwa hati yako. Madini yaliyo chini yake ni mali ya umma, Rais akiyashika kwa dhamana ya wananchi, na ruhusa ya kuyachimba hutolewa kwa leseni. Lakini leseni haimpi mtu ruhusa ya kuharibu makazi yako bila fidia.

Magwangala yatapungua?

Ndiyo, na hili ni pigo kwa kaya nyingi ambazo hazitajwi kwenye taarifa yoyote.

Kwa msomaji wa mbali: magwangala ni yale mawe mabaki ambayo mgodi huona hayana faida, lakini mwananchi mwenye nyundo na karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, anaweza kupata humo ada ya mtoto. Hapa Geita yamegombewa kwa miaka, yakafika mpaka bungeni na kwa viongozi wa juu kabisa.

Shimo la wazi hutoa mawe mabaki kwa milima. Mgodi wa chini hutoa machache, na hata hayo machache huhitajika kurudishwa chini kujaza vyumba. Kwa hiyo anayepanga maisha yake kwa kutegemea magwangala ajue mlango huo unafungwa taratibu. Naumia kuliandika hili kwa sababu nawajua wanawake waliojenga nyumba kwa kuponda mawe hayo. Wangepaswa kuambiwa mapema, kwa lugha wanayoielewa. Kikao cha ushirika kuhusu maeneo yenye leseni za uchimbaji mdogo kina manufaa leo kuliko kusubiri lori ambalo halitakuja.

Tofauti ya mgodi huu na duara langu ni ipi? Mimi nashuka mita 60 kila siku na sijafa.

Ndugu yangu, namshukuru Mungu kwamba hujafa. Mita 60 ulizoshuka kwa kamba, mikono yako na matimba, yaani miti ya kushikilia kuta na dari, ni ushujaa ambao wengi wanaoandika kuhusu madini hawana.

Tofauti ya kwanza ni njia ya pili ya kutokea. Mgodi mkubwa hauruhusiwi kutegemea mlango mmoja. Duara lina mdomo mmoja, ukiziba umezikwa. Januari 2017, hapa hapa mkoani, Nyarugusu, watu 15 walifukiwa chini. Walitolewa hai baada ya siku tatu, baada ya uokoaji uliohusisha watu na mitambo kutoka pande nyingi. Wengi wa waliofukiwa katika maduara yetu hawakupata bahati hiyo.

Tofauti ya pili ni hewa. Ukishusha pampu ya petroli ndani ya duara, moshi wake unaua kabla hujajua. Weka injini juu, teremsha bomba. Hata kama wenzako wanakuharakisha, usishuke siku hiyo hiyo baada ya kulipua.

Ya tatu ni dari. Matimba yanaoza. Yagonge kwa nyundo kila wiki usikie mlio wake.

Wakiacha shimo la wazi, tunaweza kuingia kuchimba mabaki?

Msiingie. Chini ya sakafu ile kuna vyumba, na kuta zilizoachwa bila kuangaliwa huanza kudondoka. Zaidi ya hayo, eneo lingali ndani ya leseni. Njia ya haki ni kuomba maeneo yaachiwe kisheria, na hilo limekwisha kufanyika sehemu mbalimbali nchini.

Ajira zitapungua?

Nitasema ukweli kama ninavyouona: zitabadilika kwanza, na kwa asiyejiandaa, kubadilika na kupungua ni kitu kimoja.

Shimo la wazi lilihitaji madereva wengi wa malori makubwa. Chini, malori ni machache na ni madogo. Wanaohitajika ni waendesha mitambo ya kuchoronga, mafundi umeme, mafundi wa hidroliki, wapimaji, watu wa feni na hewa, wa kufunga dari, wa pampu, waokoaji. Leseni ya udereva wa lori la juu haikupi kazi hizo moja kwa moja. Mwanzoni wataalamu wengi wa chini hutoka nje ya nchi, kwa sababu ujuzi huo kwetu ulikuwa mdogo baada ya mgodi wa zamani kufungwa mwaka 1966. Bulyanhulu ndiyo ilikuwa shule yetu ya kwanza ya zama hizi, na mafundi waliopikwa kule nimewakuta migodi mingine. Baadaye North Mara nao wakaanza kazi ya chini Gokona mwaka 2015.

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinataka mwenye leseni aonyeshe mpango wa kuwarithisha Watanzania nafasi zinazoshikwa na wageni. Mpango huo ni hati. Una majina ya nafasi na miaka. Madiwani wetu wangeuomba na kuusoma, badala ya kuuliza tu "ajira kwa wazawa ngapi?" na kuridhika na idadi ya wafagizi na walinzi.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne na anataka kazi ya chini. Asome nini?

Mama, mwambie asiamini mtu anayetaka laki tatu ili "amwingize mgodini".

VETA Moshi ina mafunzo ya ufundi yaliyoandaliwa mahsusi pamoja na kampuni za migodi tangu mwaka 2009: umeme, mitambo, uchomeleaji na mengineyo, sehemu darasani na sehemu kazini. Hiyo ndiyo njia ninayoielekeza kwa vijana wengi, kwa sababu fundi umeme mzuri hakosi kazi hata mgodi ukifungwa. Mwenye matokeo ya sayansi mazuri baada ya kidato cha sita aangalie uhandisi wa migodi au jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma.

Na binti?

Anaweza. Zamani Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 45 wa mwaka 1935 uliwakataza wanawake kufanya kazi za chini ya ardhi. Nchi nyingi ziliuacha, na mwaka 2024 ILO yenyewe ikaufuta. Mtambo wa kuchoronga unaongozwa kwa vitufe na akili tulivu. Waendeshaji wa kike niliofanya nao kazi walikuwa makini na mashine kuliko sisi wengine.

Joto na hewa huko chini vikoje? Mume wangu anasema ni jehanamu.

Joto lipo. Linatokana na mwamba, injini za dizeli na unyevu, na hewa ya kuliondoa husukumwa na feni kubwa kupitia matundu ya wima na mabomba ya turubai unayoyaona yakining'inia darini. Bado Geita si kina kirefu kwa kulinganisha. Mponeng, Afrika Kusini, wachimbaji wanakaribia kilomita 4 chini, na mwamba wenyewe una joto la zaidi ya digrii 60, mpaka barafu hutengenezwa na kupelekwa chini kupoza.

Mume wako anywe maji kabla ya kiu, na asiende zamuni na hangaova. Mtu aliyekosa maji mwilini huanguka haraka.

Ukitokea moto wanakimbilia wapi?

Kile kifaa cha kiunoni humpa mtu hewa kwa dakika 30 hivi, muda wa kutembea mpaka chumba cha usalama. Vyumba hivyo ni makontena ya chuma yenye hewa yake, maji na mawasiliano, na kwa kawaida hutengenezwa kukaa na watu kwa saa 36. Moto wa gari ndio tunaouogopa zaidi: tairi moja likiwaka, moshi hufuata njia ya hewa wanakovuta wenzako wote.

Maji ya visima vyetu je?

Mgodi wa chini hunyonya maji ili usifurike, na visima vya karibu vinaweza kushuka kina. Pia mwamba wetu una madini ya salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutengeneza uchachu unaoweza kubeba metali. Mawe yakirudishwa chini na kufunikwa maji baadaye, uchachu hupungua. Yakiachwa wazi juu, huendelea. Mtambo wa kuchenjua na bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mtambo huo, vinabaki vilevile, kwa hiyo hatari ya sayanaidi haikuondoka kwa sababu tu uchimbaji umehamia chini.

Mradi ukibadilika, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zake zitathminiwe, na wananchi wanayo haki ya kutoa maoni kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Pimeni visima vyenu sasa, kabla ya kulalamika. Asiyejua maji yake yalikuwaje jana hawezi kuthibitisha kwamba leo yameharibika.

Halmashauri inapata nini?

Chukua dhahabu iliyouzwa ya thamani ya shilingi bilioni 100. Mirabaha, iliyopandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, ni bilioni 6. Ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni bilioni 1. Hizo zinaenda Serikali Kuu. Ushuru wa huduma wa halmashauri, ukihesabiwa kwa asilimia 0.3, ni milioni 300. Nje ya hapo kuna mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii ambao mgodi hukubaliana na halmashauri.

Mirabaha na ushuru hukatwa kwenye thamani ya mauzo, si kwenye faida. Gharama za chini zikipanda, mafungu hayo hayaguswi, ila kodi ya mapato, inayotegemea faida, inaweza kushuka.

Kama wanaingia chini, mbona wamefungua shimo jipya Nyamulilima?

Kwa sababu mtambo wa kuchenjua una njaa. Unaweza kula takriban tani milioni 5 za mawe kwa mwaka, na migodi ya chini peke yake haiwezi kuushibisha. Nyamulilima, iliyoanza mwaka 2021, inaleta wingi. Chini inaleta ubora. Buzwagi haikuwa na bahati hiyo: ilianza mwaka 2009, shimo lake likaisha bila kushuka chini, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma.

Kibati ulichosema utakirudia?

Kila anayeshuka hutundika kibati chenye jina lake kwenye ubao ulio mlangoni, na akitoka hukitoa kwa mkono wake mwenyewe. Mlipuko haupigwi mpaka kila kibati kiwe kimetolewa. Kikibaki kimoja, kazi ya mgodi mzima husimama na mtu huyo hutafutwa, hata kama ni yeye aliyesahau na yuko nyumbani anakula. Kwa hiyo dada, mumeo akirudi jioni usimwulize kwanza mshahara umeingia lini. Mwulize kama ametoa kibati.